Ujamaa Juu ya Mgunga

Ukisafiri kwa basi kutoka Mwanza kwenda Musoma, baada ya Lamadi barabara inapita pembeni kabisa ya Hifadhi ya Serengeti, kwenye lango la Ndabaka. Abiria hugeuza shingo upande wa kulia kutafuta nyumbu au pundamilia, na wasipowaona hurudi kwenye simu zao. Mimi nimejizoeza kutazama miti. Kwenye matawi ya migunga ya nyika hii, kwa kimo ambacho mtu angeweza kukifikia kwa mkono kama si miiba, mara nyingine huning'inia kitu cha kijivu, mfano wa kitambaa kikuukuu kilichopeperushwa na upepo kikanasa. Ukikisogelea utaona majani makavu, mabawa ya nzi na magamba ya mbawakawa yaliyoshonwa pamoja kwa nyuzi. Hicho ni kiota cha buibui. Ndani yake wanaweza kuwemo makumi, na wakati mwingine mamia.

Nimekulia Musoma na nimesoma historia chuoni. Katika vitabu vyote nilivyosoma kuhusu mkoa wa Mara nimekutana na ng'ombe, tembo, nyumbu na mbung'o. Buibui huyu sikukutana naye hata mara moja. Naelewa sababu. Hauzwi, haliwi, hamuumizi mtu, na mkubwa wake hafiki sentimita moja na nusu. Lakini ameishi juu ya mti ambao historia ya sehemu hii imepita chini yake na mara nyingine imeukata, na nadhani kuna mambo tunayoweza kuyaona vizuri zaidi tukianzia kwake.

Tuanze na jina. Wataalamu humwita Stegodyphus mimosarum. Alipewa jina hilo mwaka 1883 na Pietro Pavesi, mwanazuolojia wa Italia aliyekuwa akichambua buibui waliokusanywa katika ufalme wa Shoa, ambao leo ni sehemu ya Ethiopia. Mimosarum maana yake ni "wa mimosa", kwa kuwa Wazungu wengi wa wakati huo waliiita hivyo miti yetu ya miiba. Baadaye miti ile ikazoeleka kwa jina la akasia. Kisha mwaka 2005, katika mkutano mkuu wa wanabotania uliofanyika Vienna, ikaamuliwa kwamba jina Acacia libaki kwa miti ya Australia, na ile ya Afrika ipewe majina mengine, Vachellia na Senegalia. Watu waligombana sana, na mwaka 2011 mkutano wa Melbourne ukaubakiza uamuzi huo. Kwa hiyo buibui wetu amebeba jina la mti ambao umeshabadilishiwa jina mara mbili. Kwa Kiswahili umebaki kuwa mgunga.

Huko Ethiopia kuna methali ya Kiamhari isemayo kwamba nyuzi za buibui zikiungana zinaweza kumfunga simba. Sijui kama aliyeitunga alikuwa amesimama chini ya kiota kama hiki, lakini ingemfaa sana.

Buibui wengi tunaowajua huishi peke yao. Kila mmoja ana utando wake, na jirani akikosea njia huliwa. Katika maelfu ya aina za buibui duniani, zinazoishi pamoja maisha yao yote ni chache mno. Huyu wa mgunga ni mmoja wao. Wanashiriki kiota kimoja, wanashiriki mtego mmoja, na mdudu mkubwa akinasa hutoka kadhaa kwa pamoja kumkamata. Uzi wa mtego wao hauna gundi. Buibui huchambua nyuzi nyembamba mno kwa miguu ya nyuma mpaka zinakuwa kama pamba iliyochanwa, na ni pamba hiyo inayong'ang'ania miguu ya mdudu. Mtu wa Bunda, ambaye amezaliwa akiona pamba ikirundikwa kwenye maghala, haelezwi mara mbili jinsi nyuzi zisizo na gundi zinavyoweza kumshika mtu mkono.

Watu wa mbali waliona faida yake mapema kuliko sisi. Mwaka 1959 mtafiti aitwaye J. J. Steyn aliandika katika jarida la kitabibu la Afrika Kusini kuhusu kutumia buibui hawa kupunguza nzi wa nyumbani, ambao hueneza magonjwa ya tumbo. Kiota kinahamishwa na tawi lake, kinaning'inizwa penye nzi wengi, na buibui wanaendelea na kazi yao kama kawaida. Wakati huo sehemu kubwa ya dunia ilikuwa imelevywa na DDT. Yeye alikuwa akipendekeza tawi la mti.

Sasa tuutazame mti wenyewe. Ukiwauliza wageni, watakwambia kwamba nyika ya Serengeti iko vile tangu kuumbwa kwa dunia. Wazee wa Bunda na Ikizu hawakubaliani nao, na wana haki. Migunga ile imekuja, ikatoweka na kurudi, na mara nyingi mkono wa binadamu ulikuwemo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki kutoka kaskazini. Iliua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa namna ambayo haikuwahi kuonekana. Njaa ikafuata, na ndui nayo. Mwaka 1892 Oscar Baumann, msafiri wa Austria, alipita katika nchi ya Wamasai na kuendelea magharibi hadi ziwani. Aliwakuta watu wamebaki mifupa na ngozi, akakadiria kwamba theluthi mbili ya Wamasai huenda walikuwa wamekufa. Jamii za wakulima na wawindaji wa magharibi mwa Serengeti, Waikoma, Wanata, Waishenyi, Wangoreme na Waikizu, nazo ziliingia katika miaka ya taabu kubwa. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, ambaye kitabu chake kuhusu kumbukumbu za nchi hii kilichapishwa mwaka 2007, alionyesha jinsi wazee wanavyoikumbuka historia yao kwa kutaja mahali: mlima huu, kisima kile, mahame yale. Mengi ya mahali hapo sasa yako ndani ya mipaka ya hifadhi.

Watu na mifugo wakipungua, pori husogea. Hakuna wa kuchoma nyasi kwa wakati wake, hakuna mbuzi wa kula machipukizi, hakuna jembe. Vichaka vikajaa mahali palipokuwa mashamba, na ndani ya vichaka akaja mbung'o, ambaye anahitaji kivuli na damu ya wanyama. Pamoja na mbung'o yakaja malale. Mwaka 1922 mlipuko wa malale uligunduliwa upande wa Maswa, kusini mwa Bunda, na Charles Swynnerton, mtaalamu wa serikali ya kikoloni, akaandika juu yake mwaka uliofuata. Kuanzia hapo mti wa miiba ukawa mshukiwa. Katika kanda ya ziwa, na hasa Shinyanga, Waingereza walisimamia ufyekaji wa vichaka kwa eneo kubwa, na waliofyeka walikuwa wanavijiji.

Fikiria miongo hiyo ukiwa umekaa kwenye tawi. Kwa buibui wa mgunga, msiba wa binadamu ulikuwa ni kupanuka kwa makazi. Kila shamba lililoachwa lilikuwa na uwezekano wa kuwa kijiji kipya cha nyuzi. Kisha likaja panga. Silisemi hili kwa furaha. Nalisema kwa sababu ni rahisi kusahau kwamba "mazingira mazuri" ya kiumbe mmoja yanaweza kuwa kaburi la mwingine, na kwamba pori tunalolisifu leo kwenye picha za watalii lina mahame ndani yake.

Hadithi haikuishia hapo. Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 ikatenganishwa na Ngorongoro. Tembo, ambao walikuwa wachache sana huko katika miongo ya nyuma, wakaingia kwa wingi, kwa sababu nje ya hifadhi watu walikuwa wakiongezeka. Tembo wakavunja miti mikubwa, na moto wa kila kiangazi ukaua midogo. Katika miaka ya 1960 na 1970 misitu ya migunga ilipungua mpaka watafiti wakaogopa kwamba itaisha.

Kilichobadilisha mambo kilianzia kwenye zizi. Ng'ombe wa vijiji vilivyoizunguka hifadhi walichanjwa dhidi ya sotoka, na kufikia mwaka 1963 hivi ugonjwa huo ukatoweka miongoni mwa nyumbu. Nyumbu walikuwa kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1977 walikuwa karibu milioni 1.3. Midomo yote hiyo ilikula nyasi, nyasi zilizoliwa hazikuungua, na miche ya migunga ikapata miaka ya kutosha kuvuka kimo cha moto. Majangili nao, kwa ubaya wao, walikuwa wamepunguza tembo. Tony Sinclair na wenzake, waliokuwa wakipiga picha za mahali palepale mwaka hadi mwaka, waliona miti ikirudi. Mwaka 2011 dunia ilitangazwa kuwa huru na sotoka. Kwa hiyo mgunga wenye umri wa miaka arobaini ulio upande huu wa Serengeti una deni kwa sindano ya chanjo iliyochomwa ng'ombe wa mtu fulani, na kiota kilicho juu yake kina deni hilohilo.

Ukitoka Bunda kuelekea Musoma unafika Makutano, na ukikunja kulia unakwenda Butiama. Hapo ndipo alipozaliwa Julius Nyerere mwaka 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Pale Mwitongo, alipojenga na alipozikwa, kuna mawe makubwa, pimbi, na msitu wa Muhunda ambao wenyeji huuheshimu kama makao ya mzimu. Mwaka 1999, mwaka aliofariki, jumba la makumbusho lenye jina lake lilifunguliwa huko.

Sina budi kufika Butiama, kwa sababu ukijaribu kumweleza buibui huyu kwa Kiswahili, neno linalokuja mdomoni ni moja tu: ujamaa. Wanaishi kijamaa. Wanafanya kazi kijamaa. Rafiki yangu mmoja niliyemwonyesha kiota alicheka akasema, "Kumbe Mwalimu aliiga kwa hawa!" Ni utani mzuri, ila ukiuchunguza unageuka.

Mwezi Aprili 1962 Nyerere alitoa kijitabu kilichoeleza kwamba msingi wa ujamaa wa Kiafrika ni familia ya jamaa wengi. Lakini hoja yake haikuwa kwamba tubaki ndani ya familia. Alisema undugu huo upanuliwe, uvuke ukoo, uvuke kabila, uvuke taifa, hatimaye uwahusu binadamu wote. Aliitumia pia methali tunayoijua sote: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ujamaa wake ulikuwa wa kuwapokea wasio ndugu, na wa kumtaka kila mmoja afanye kazi.

Ujamaa wa mgunga uko kinyume katika yote mawili. Kwanza, mgeni karibu hayupo. Buibui wa kiota kimoja huzaliana wao kwa wao, kizazi baada ya kizazi, kaka na dada. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, pamoja na wenzao, walichapisha jenomu yake katika jarida la Nature Communications. Yeye na buibui mwingine mkubwa wa Amerika Kusini walikuwa buibui wa kwanza kusomwa hivyo. Jenomu yake ina herufi kama bilioni 2.7, si mbali sana na ya binadamu, lakini tofauti kati ya buibui mmoja na mwingine ni ndogo mno. Kwa msomaji wa vinasaba hiyo ni nafuu. Kwa buibui ni hatari, maana ugonjwa unaoweza kumwua mmoja unaweza kuwaua wote. Katika jenasi hii ujamaa umezuka mara tatu, kila mara kutoka kwa mababu walioishi upweke, na koo hizo zote ni changa. Wapo wanasayansi wanaosema kwamba njia hii ni uchochoro usiopenya: ukiingia unafaidi kwa muda, kisha ukoo unakwisha.

Pili, hata huko kuna wavivu. Buibui hana meno ya kutafuna. Humwaga maji ya kuyeyusha nyama ndani ya windo, kisha hunywa. Wakila wengi kwa pamoja, anayekuja baadaye anakuta wenzake wameshayeyusha. Watafiti wa jenasi hii wameandika juu ya wanaonufaika hivyo bila kutoa sehemu yao. Siku ya tatu hakuna anayewapa jembe.

Lakini jambo lililonishika zaidi ni akina mama. Katika kiota majike ni wengi kuliko madume mara kadhaa, na si wote wanaozaa. Watoto wakishatoka kwenye mayai, mama huwalisha kwa kutapika chakula kilichoyeyuka, ambacho sehemu yake ni mwili wake mwenyewe unaoyeyuka ndani kwa ndani. Mwishoni watoto humpanda na kumla akiwa hai. Na si mama mzazi tu. Katika ndugu yake wa kusini mwa Afrika, Stegodyphus dumicola, imeonekana kwamba hata majike ambayo hayajazaa hushiriki: huwalisha watoto wa dada zao, kisha nayo huliwa.

Mimi na wadogo zangu wawili tulilelewa na mama mdogo. Hakuolewa na hakuzaa. Alikuwa akinunua dagaa Mwigobero alfajiri, wavuvi wakirudi na taa zao, anawaanika, anawauza, na ada zetu zilitoka humo. Mkoa wetu una mila ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke mwingine ili nyumba yake ipate watoto. Kwa hiyo nyumba iliyoshikiliwa na wanawake watupu si jambo la kushangaza kwetu. Hata hivyo, nilipofikisha umri wa kuhesabu, nilihesabu: viatu vyake alivyovaa miaka sita, jino aliloling'oa badala ya kuliziba, kiwanja alichokiuza nilipokwenda chuo.

Nilipomsimulia habari za buibui hawa alikuwa akichambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, kwenye kuliwa. Nilitegemea acheke au aseme "mambo ya Mungu hayo." Akaniuliza:

"Na hao buibui, wanaulizwa?"

"Wanaulizwa nini, mama?"

"Kama wanataka kuliwa. Mimi mwanangu nilijiuliza mwenyewe, nikajijibu. Hakuna aliyenilazimisha. Sasa wao?"

Sikuwa na jibu la kisayansi, na bado sina. Lakini swali lake limenipa namna ya kusoma historia ninayodhani ni bora kuliko niliyoipata darasani.

Mwezi Oktoba 1968 Nyerere aliandika waraka kuhusu uhuru na maendeleo. Humo alishikilia kwamba watu hawaendelezwi, hujiendeleza wenyewe, na kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kuundwa kwa kulazimisha. Miaka mitano baadaye, Novemba 1973, alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa vijijini wawe wamehamia. Mamilioni wakahamishwa nchi nzima, Mara ikiwemo. Kulikuwa na shule na visima katika baadhi ya vijiji hivyo vipya, na wapo wanaovikumbuka kwa shukrani. Kulikuwa pia na nyumba zilizobomolewa na mashamba yaliyobaki mbali. Kati ya mwaka 1968 na mwaka 1973 ujamaa ulibaki na jina lake. Kilichoondolewa ni swali la mama mdogo.

Ndiyo maana sipendi tukimtumia buibui kama mfano wa kuigwa, au kama kejeli. Yeye hawezi kuulizwa. Aliumbwa hivyo, anaishi mwaka mmoja hivi, anafanya yake na kuondoka. Binadamu anaweza kuulizwa, na kwa hiyo kutomwuliza ni uamuzi. Waliofyekeshwa vichaka hawakuulizwa. Waliokuwa na mahame ndani ya mipaka mipya ya hifadhi hawakuulizwa kwa namna iliyowatosha. Na ndani ya familia zetu, wengi wetu tuliosoma tumevaa mgongoni mwili wa mtu ambaye labda alijiuliza akajijibu, labda hakupewa nafasi ya kujiuliza. Ni vizuri kujua ni lipi kati ya hayo mawili, wakati mwenyewe angali hai wa kusema.

Kuna jambo moja buibui hufanya ambalo linanipa moyo. Mwaka 2001 watafiti walieleza jinsi jike mzima wa dumicola anavyoweza kuondoka. Hupanda ncha ya tawi, huinua tumbo, na kutoa nyuzi nyingi kwa pamoja mpaka zinakuwa kama tanga la pembe tatu, kisha upepo humchukua. Akifika salama huanza kiota kipya peke yake. Wengi hufa njiani. Hata ukoo uliojifunga namna ile una mlango mdogo wa kutokea.

Siku hizi adui mkubwa wa mgunga nje ya hifadhi ni mkaa. Mti wake hutoa mkaa mzito unaokaa jikoni muda mrefu, na gunia lake lina mnunuzi Bunda, Musoma, hata Mwanza. Anayeukata ana watoto wa kusomesha, na sitamhukumu nikiwa nimekula wali ulioivishwa kwa mkaa huohuo. Tangu sotoka iingie Mara vimepita vizazi zaidi ya mia moja na thelathini vya buibui wa mgunga, na binadamu kama vitano. Wazee wetu waliandikwa pale tu walipohesabiwa kwa ajili ya kodi, malale au kuhamishwa. Wanawake wa nyumba zao waliandikwa mara chache zaidi. Nikipata nafasi ya kuiandika historia ya mkoa huu kwa urefu, nitawaweka wote humo, na kwa kila tukio nitauliza nani aliulizwa kwanza.